Namna Kalunde Alivyoinuka

Ukitaka kujua kama mwanaume anakupenda au anakutazama tu, tembea mbele yake mara arobaini na moja kisha umwulize ameona nini. Selina alilijua hilo Jumamosi moja, kwenye saa tano asubuhi, barazani kwa Venant huko Nyegezi, wakati nyayo zimeshaanza kumuwaka moto.

"Tena," alisema Venant.

"Venant, mimi ni mtu. Si gwaride la Nane Nane."

"Mara moja tu. Beba ndoo kama wiki ile, nihakikishe sikukosea."

Akabeba ndoo. Angefanya nini? Mwanaume mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kidevu juu ya saruji, daftari pembeni, anachora miguu ya Selina hatua kwa hatua kama mtu anayenakili barua muhimu. Majirani waliopita nje walichungulia mara moja, wakatikisa vichwa, wakaendelea na safari zao.

Venant alikuwa mchora mabango. Vibao vya saluni na maduka ya dawa kuanzia stendi ya mabasi mpaka njia ya chuo, vingi vilipita mikononi mwake. Hata walipokutana mwaka uliopita, alikuwa juu ya ngazi katika hospitali alimofanya kazi Selina, anachora mishale ya kuelekeza wagonjwa, na mshale mmoja aliuchora ukielekea kwenye stoo ya mifagio kwa sababu Selina alipita wakati huo. Lakini mwezi huu alikuwa ameingiwa na kitu kingine. Alikuwa anatengeneza animesheni yake ya kwanza: mwanamke wa udongo, urefu wa chupa ya soda, mwenye mifupa ya waya ndani. Anamsogeza kidogo tu, anampiga picha kwa simu, anamsogeza tena, anapiga tena. Picha kumi na mbili zinatoa sekunde moja. Ukizipitisha haraka, udongo unatembea.

Au ndivyo ilivyopaswa kuwa. Katika majaribio ya kwanza, yule mama wa udongo aliteleza sakafuni kama kipande cha sabuni. Selina alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta machozi, akasema neno lililomwingiza kwenye kazi ile mzima mzima: "Huyu mama yako hana uzito."

Kazi yake Selina ilikuwa kuwafundisha watu kutembea upya, wale waliovunjika kwenye ajali na wale waliopigwa na kiharusi. Akamweleza Venant kwamba mtu hanyanyui mguu hivi hivi. Kwanza mwili wote unahamia mguu wa pili, nyonga inapanda, ndipo mguu unaachwa huru. Na hakuna kiungo kinachoanza kwa kasi. Kinaanza taratibu, kinachangamka katikati, kinatulia mwishoni. Ukikisogeza sawasawa kila picha, unapata mashine. Venant alimsikiliza akiwa ameacha mdomo wazi, na tangu siku hiyo Selina hakupumzika barazani pale.

"Haya," alisema sasa, akitua ndoo. "Mara arobaini na moja. Umeona nini?"

Venant alikaa kitako, akafuta vumbi kidevuni. Hakuangalia daftari.

"Ukibeba ndoo, bega la kushoto linashuka kidogo kabla ya hatua. Shingo haiendi popote, kama vile maji hayajui kwamba unatembea. Na kila baada ya hatua nne unasita, kidogo mno, halafu unaendelea. Nilidhani umechoka. Lakini hata hatua za kwanza kabisa ulikuwa unasita."

Siku nzima Selina ndiye anayetazama miguu ya wenzake; ya kwake hakuna aliyewahi kuitazama hivyo. Wanaume wengine walikuwa wamemsifia macho, wamemsifia na rangi. Huyu alikuwa amemwona anavyosita. Moyo wake ulijaa akaona haya, akajitia kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa tano na nusu."

Haya ikamtoka yote, maana saa tisa baba yake alikuwa anafika.

Mzee Shimba alikuwa mfugaji wa Sengerema, mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi, na wiki mbili zilizopita kuna ndugu alimpigia simu akamwambia kwamba yule kijana wa Ukerewe anayemtaka Selina ni mtu mzima wa miaka thelathini anayecheza na wanasesere dirishani, mchana kweupe, tena anaongea nao. Mzee hakugomba. Alisema tu kwamba atakuja kujionea nyumba.

Na kila mtu wa ukoo ule alijua maana yake. Mzee Shimba alikuwa na kawaida moja tangu enzi za baba yake: akienda kwa mchumba wa binti, hagusi chakula wala maji mpaka moyo wake umeridhika. Alipokwenda kwa mchumba wa kwanza wa Rose, dada yake Selina, alikaa tangu asubuhi mpaka alasiri, kuku akachinjwa, akaletwa, akapoa. Mzee akarudi na kiu yake, na kijana yule hakutajwa tena. Kwa mchumba wa pili alikunywa vikombe viwili, na leo Rose ana watoto watatu. Kwa hiyo mzee akirudi safari kama hiyo, nyumbani hawamwulizi alisema nini. Wanauliza kama alikunywa.

"Umeshaanza kuficha?" aliuliza Selina.

"Nimemfunga mama kwenye kitambaa kibichi. Yuko chini ya kitanda."

Alilisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Selina. Ombi la kuficha lilikuwa la kwake. Alikuwa amemsihi Venant asubuhi hiyo aonyeshe mabango, aonyeshe wateja, amwonyeshe mzee kila kitu isipokuwa udongo. Venant alikuwa ameuliza kitu kimoja tu.

"Leo nitaficha. Siku ya harusi je, nitaficha? Na tukiwa na watoto?"

"Ficha leo tu," alikuwa amemjibu. "Akishakunywa maji, utafichua."

Venant akakubali kwa ajili yake. Lakini kipande cha mwisho kilikuwa bado, nacho kilikuwa kimemshinda tangu Alhamisi. Filamu yenyewe ilikuwa ya dakika moja: mwanamke anatoka alfajiri na ndoo, anavuka uwanja, anafika kwa ng'ombe aliyelala, anampiga kofi dogo mgongoni, ng'ombe anainuka, wanatazamana. Basi. Ng'ombe huyo alikuwa na jina, Kalunde, ng'ombe mwekundu wa marehemu mama yake Selina. Selina alikuwa amemsimulia Venant habari zake siku moja wakila samaki, kisha akasahau. Venant hakusahau.

Tatizo, Kalunde wa udongo alikataa kuinuka kama ng'ombe. Walimjaribu tena na tena mpaka saa saba ikakaribia, na kila akiinuliwa alionekana kama meza inayobebwa.

"Tuna saa mbili nzima," alisema Venant, macho yakimsihi kama ya mtoto. "Niigizie mara moja. Nione uzito unakwenda wapi, nipige picha zangu, saa nane kamili hakuna hata punje ya udongo humu ndani."

Mwanamke aliyependa hana akili ya saa. Selina alijifunga kitenge kiunoni, ncha moja akaiachia ining'inie nyuma iwe mkia, akapiga magoti sakafuni, akalala ubavu, akakunja mikono kifuani. Alikuwa amewaona ng'ombe wengi katika maisha yake ya utotoni, lakini alitoka Sengerema akiwa na miaka tisa, mama alipofariki, akalelewa mjini na shangazi yake Tereza. Aliinuka kama mwili wake ulivyomtuma: kifua kwanza, mikono ikinyooka, kisha magoti.

"Taratibu," alisema Venant. "Na kichwa? Kichwa kinafanya nini?"

"Kinakuangalia wewe na kujiuliza kilikosea wapi."

"Lia kidogo, nipate hali."

Selina akalia kama ng'ombe. Alilia vizuri, kwa sauti ndefu iliyojaa nyumba, na ilipokwisha akasikia mtu mlangoni akikohoa.

Mzee Shimba alikuwa amesimama kizingitini, koti la kijivu, kofia kichwani, fimbo mkononi. Wale wawili walikuwa wamehesabu foleni ya kivuko pale Busisi kama zamani, saa nzima ya kusubiri na nyingine ya kuvuka. Walisahau kwamba siku hizi kuna daraja, na basi linapita juu ya maji kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa.

Selina alikuwa bado kwa magoti na mikono, mkia ukining'inia.

"Shikamoo Baba," alisema kutoka pale pale chini.

"Marahaba."

Venant aliruka wima na kumwamkia kwa Kisukuma alichofundishwa wiki nzima, "Mwangaluka," akasahau kwamba hiyo ni ya asubuhi na jua lilikuwa limeshapita utosini. Mzee alimtazama, akatazama simu iliyofungwa kwenye stendi, akatazama meza, na juu ya meza, katikati ya nyasi za kubandika, Kalunde wa udongo aliyelala. Akaingia, akaketi kwenye kiti cha mbao. Selina alikurupuka, akamletea maji kwenye kikombe cha bati, akapiga goti. Mzee alikipokea kwa mikono miwili kwa heshima zote, akakitua dirishani. Hakukitazama tena.

Zikafuata habari za safari, za mvua, za shangazi Tereza. Selina alijibu kila kitu huku jicho moja likiwa dirishani. Akajaribu kuleta habari za mabango, akataja duka kubwa la vifaa vya ujenzi ambalo bango lake lilichorwa na Venant. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha fimbo kuelekea mezani.

"Ndiyo hayo niliyoambiwa?"

Venant alimgeukia Selina, na Selina akaona kwamba angesema uongo kama angemwomba, angesema ni ya mtoto wa jirani, angeubeba uongo huo mpaka uzeeni bila kumlaumu. Akamwona pia alfajiri zile tatu za wiki iliyopita, mgongo umepinda, akimsogeza yule mama kwa ncha ya kijiti cha meno, akishikilia pumzi. Aliona aibu, na safari hii haikuwa kwa ajili ya udongo.

"Ndiyo yenyewe, Baba," alisema Selina. "Mimi ndiye niliyemwambia ayafiche. Venant, mwonyeshe."

Venant aliifungua simu kwenye stendi yake na kumpa mzee kwa mikono miwili. Mzee aliishika mbali na uso, mkono umenyooka. Picha zikaanza kupita. Mwanamke wa udongo akatoka mlangoni na ndoo kichwani. Bega la kushoto likashuka kidogo, mguu ukafuata. Hatua moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Akasita kidogo mno, akaendelea. Akavuka uwanja mpaka kwa ng'ombe, na hapo filamu ikakatika, maana iliyobaki ilikuwa haijatengenezwa.

"Rudisha," alisema Mzee Shimba.

Venant akarudisha. Mzee akatazama, akavua kofia, akaiweka pajani.

"Rudisha tena."

Ilipokwisha mara ya tatu, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kijana. Nani alikuonyesha mke wangu?"

"Sijawahi kumwona, mzee. Hata picha yake sijaiona."

"Huyu ni Bernadeta. Sura si yake, sura ni ya udongo. Lakini anayekwenda pale ni Bernadeta. Miaka ishirini sijamwona akienda."

"Nilimtazama Selina," alisema Venant. "Nilimtembeza hapo barazani. Yote niliyoweka, nimeyatoa kwake."

Mzee aligeuka polepole kwenye kiti, akamtazama binti yake kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayesoma barua iliyokaa siku nyingi bila kufunguliwa.

"Sikuwa najua," alisema. "Kila ukija nyumbani unakuja na bodaboda mpaka mlangoni. Lini nikuone ukitembea?"

Selina alicheka na kulia kwa pamoja, hata yeye hakujua kipi kilitangulia. Miaka yote alikuwa akijaribu kuikumbuka sura ya mama yake, ikimtoroka kila mwaka zaidi, akajihesabu kuwa binti aliyebaki mikono mitupu. Kumbe alikuwa anaye miguuni, anakwenda naye kazini kila asubuhi. Alitaka kumkumbatia Venant pale pale, mbele ya mzee, na kama si kulelewa na Tereza angefanya.

"Sasa," alisema Mzee Shimba, akipangusa jicho kwa nyuma ya kiganja kama vile kuna mdudu. "Mama mmempata. Ila ng'ombe huyu ni aibu. Nimesimama pale mlangoni nikatazama mnavyomwinua. Kwa mbele. Kama punda."

Venant aliinama kumtazama ng'ombe. "Haanzi kwa mbele?"

"Kwenu Ukerewe samaki wanaanza kwa wapi?"

"Sijui, mzee. Wao wanalala wakielea."

Mzee alimtazama, na kwenye kona ya mdomo wake kitu kikacheza, kikaondoka. Akavua koti, akamkabidhi Selina, akasogeza kiti mezani.

"Ng'ombe anainuka kwa nyuma kwanza. Kila mtoto anajua, labda wale waliosomea mjini. Kwanza anarusha kichwa mbele, hivi, ili nyuma iwe nyepesi. Matako yanapanda. Mbele bado yuko magotini. Anakaa hapo, hana haraka, unaweza kudhani anasali. Halafu mguu mmoja, halafu wa pili. Kalunde alianza na wa kulia siku zote."

Selina alisikia, na elimu yake yote ikamjia mbio. Kichwa mbele, uzito uhame, nyuma iachwe huru. Ndiyo yale yale anayowaambia wagonjwa wakishindwa kuinuka kwenye kiti: pua ipite vidole vya miguu kwanza. Alikuwa anayajua haya kwa watu mia, na kwa ng'ombe wa mama yake hakuyajua.

Basi kazi ikaanza. Venant alimtoa mama wa udongo chini ya kitanda, akamsimamisha kando ya ng'ombe, mkono tayari kupiga. Mzee alishika kichwa, Venant akashika nyuma, Selina akawekwa kwenye simu. Venant alieleza sheria kwa adabu: kusogeza kidogo tu, kuondoa mikono, kutogusa meza. Mzee aliigusa meza mara mbili, na mara zote mbili wakarudia bila mtu kusema neno. Mara ya tatu Venant mwenyewe aliigusa kwa tumbo.

"Ondoka na tumbo lako," alisema mzee. "Ng'ombe ameshtuka."

Picha ya kumi, ya ishirini. Walipofika pale magotini Venant alitaka kuendelea, mzee akamzuia kwa kidole.

"Mwache hapo. Bado anapumua."

"Picha ngapi, mzee?"

"Mimi picha sijui. Mwache mpaka nikwambie."

Selina akabonyeza, akabonyeza, mara kumi, Kalunde akiwa pale pale, huku Venant akimvimbisha ubavu kwa ncha ya kidole na kuurudisha. Vichwa vile viwili, cha mvi na cheusi, vilikuwa karibu kugongana juu ya ng'ombe mdogo kuliko kiatu, na Selina, aliyekuwa amekesha wiki nzima akipanga maneno ya kuwapatanisha, aliona hakuna hata neno moja lililohitajika. Mguu wa kulia ukanyooka, wa pili ukafuata. Mkia mzee aliupunga mwenyewe, bila kuombwa.

Wakatazama. Mwanamke alivuka uwanja, akasita, akafika, akampiga kofi dogo. Kalunde akarusha kichwa, nyuma ikapanda, akapiga magoti, akapumua. Kisha akasimama. Wakatazamana, yeye na mama, na filamu ikaisha.

Mzee Shimba alicheka. Selina hakukumbuka kama aliwahi kukisikia kicheko hicho tangu utoto, kicheko cha kutoka tumboni, cha mtu aliyepewa kitu.

"Huyo ndiye," alisema. "Huyo sasa ndiye."

Akaegemea kiti, akajipangusa udongo mikononi, akatazama huku na huku. Macho yakafika dirishani. Pembeni, Venant, ambaye habari ya kikombe alishasimuliwa mara kumi, akaishika ncha ya kitenge cha Selina kwa siri kama mtu anayeshika kamba ya mashua.

"Selina mama," alisema mzee, "mnawafanyisha watu kazi tangu saa saba, koo limekauka. Nipe maji yangu yale."

"Yameingia vumbi, Baba, nikubadilishie."

"Hayo hayo."

Akayanywa yote, bila kutua, kikombe kikipanda mpaka kikamfunika uso. Alipokishusha, alimgeukia Venant.

"Waambie wazee wenu wa Ukerewe nawasubiri. Na wewe ukija nao, uje na hiyo simu, Rose aone. Usiniletee tena ng'ombe wa kuinuka kwa mbele."

"Sitaleta, Baba," alisema Venant, na neno hilo la mwisho lilimtoka kabla hajaomba ruhusa. Mzee alilisikia, akaliacha lipite.

Kisha akanyoosha kikombe kwa binti yake. "Niongezee."

Mtungi ulikuwa nje ya mlango, upande wa pili wa baraza, hatua kumi na mbili, Selina alizijua moja moja. Alipokea kikombe, akaanza kwenda. Nyuma yake mazungumzo yalikatika, wote wawili kwa mara moja, na hakuhitaji kugeuka kujua wanatazama nini. Bega la kushoto likashuka kidogo. Hatua ya nne ilipofika, akasita, na safari hii alijua kusita huko kulitoka kwa nani.